Sifa za Stika Isiyotaka Kubanduka

Kila kiungo cha gari kina wa kukisifu. Injini ina fundi, kiyoyozi kina abiria wa saa nane mchana, na breki zina kila mtu aliyewahi kuteremka Kitonga nyuma ya lori. Yatima ni mmoja tu: alama ya muuza magari. Nasema ile stika iliyobandikwa kwenye kona ya kioo cha nyuma, au ile nembo ya plastiki iliyogandishwa kwenye mlango wa buti, inayotangaza duka ambalo wewe mwenye gari hukuwahi kulikanyaga na pengine huujui hata mji lilipo. Haisemwi kwa wema hata siku moja. Naona imedhulumiwa, na naomba nafasi niisifu.

Tuanze na nasaba, maana hii si ya kuokotwa. Magari mengi yanayoshushwa bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni mtumba wa Japani, nchi ambayo, kama sisi, hupita kushoto na kuweka usukani kulia. Huko gari likiuzwa, duka huacha alama yake nyuma: jina, na wakati mwingine namba ya simu. Toyota, kwao nyumbani, walikuwa na ukoo mzima wa maduka, wakiwemo Toyopet, Corolla na Netz, na kila tawi lilikuwa na magari yake, mpaka Mei 2020 maduka yote yaliporuhusiwa kuuza magari yote. Vitz, iliyotoka mwaka 1999, ni mtoto wa Netz. Ndiyo maana Vitz nyingi zina nembo ya herufi N puani, si yale mayai matatu ya Toyota. Mwenye Vitz anayedhani ameuziwa gari bandia, akakimbilia Kariakoo kununua nembo “halisi”, amemvua mtoto jina la ukoo na kumpa la jirani mwenye sauti kubwa.

Sifa ya pili ni ukarimu. Tangazo la redio hulipiwa kwa sekunde, bango la barabarani hulipiwa ada. Stika hii inatoka Mbagala hadi Bunju, inakaa kwenye foleni ya Ubungo mbele ya macho ya watu mia, na haidai senti. Wewe nawe hulipwi senti. Mafuta yako, bima yako, faini yako, tangazo la mwenzako. Kuna nani mwingine nchini anayemtolea tajiri wa Yokohama sadaka ya kila siku kwa siri kubwa hivyo, kiasi kwamba hata mtoaji hana habari? Na mteja akivutika kweli, akapiga ile namba ya simu akiwa Kimara, atapokelewa kwa heshima zote na mtu ambaye hatamwelewa hata neno moja.

Mahasidi watanirushia methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nakubali methali, nakataa mashtaka. Stika haijitembezi. Imetulia pale pale ilipobandikwa. Anayeitembeza ni wewe.

Sifa ya tatu ni elimu, na hapa naomba tusicheke haraka. Gari la mtumba hufika na maktaba ndogo mwilini. Kwenye kioo cha mbele huwa na stika ya ukaguzi wa serikali ya Japani, ukaguzi ambao gari jipya la mtu binafsi hufanyiwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Kioo cha nyuma huweza kuwa na ile yenye nyota nne, inayosema gari hili lilipunguza hewa chafu asilimia 75 chini ya kiwango cha mwaka 2005. Tarehe nyingi huandikwa kwa enzi za wafalme wao: ukikuta Heisei 24, ongeza 1988, utapata 2012; ikiwa ni Reiwa, enzi iliyoanza Mei 2019, ongeza 2018. Hesabu ya darasa la pili, na tayari unasoma nyaraka za Japani.

Iliyo bora kuliko zote ni ile ndogo, chafu kidogo, inayojificha kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Hiyo ni ya gereji au ya duka lililouza gari, na huandikwa siku oili ilipobadilishwa na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Mita ya kilomita ina mabwana wengi. Hubadilika kwa kadiri ya uso wa mnunuzi. Herufi ya plate namba nayo hutuambia tu gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, na mtu akijigamba kwamba gari lake ni “namba E” hajasema limezaliwa lini. Stika haina bwana. Mita ikisoma kilomita 62,000, na stika ya mlangoni ikasema oili ilimwagwa kwenye 98,000 miaka minne kabla gari halijapanda meli, basi kati ya hao wawili kuna mwongo, na si yule aliyeandikwa kwa kalamu ya mkono. Yadi inaosha viti, inapaka matairi dawa yang’ae, inapulizia manukato ya limau. Ikisahau kubandua kikaratasi hicho, imekuachia shahidi.

Sifa ya nne ni uaminifu usio na mpaka. Mwaka 2013 fundi bomba mmoja wa Texas, Marekani, aliirudisha pikapu yake aina ya Ford F-250 kwa muuza magari ili achukue nyingine. Milangoni palikuwa na stika yenye jina la biashara yake na namba ya simu. Kwa mujibu wa madai aliyoyapeleka mahakamani baadaye, alianza kuibandua, mwuzaji akamwambia aache, ataharibu rangi. Pikapu ikauzwa mnadani, ikasafirishwa hadi Uturuki, na Desemba 2014 ikaonekana kwenye picha huko Syria, ikiwa na mzinga wa kutungulia ndege mgongoni na wapiganaji wa jihadi juu yake. Mlangoni, jina la fundi bomba na namba yake vilisomeka vizuri kabisa. Simu zikamiminika, za vitisho zikiwemo, na mwaka 2015 akamshtaki muuza magari. Wengine hapo wanaona balaa. Mimi naona stika iliyovuka bahari, ikaingia vitani, na isisahau hata tarakimu moja ya bwana wake. Na rangi ya mlango, lazima tukiri, haikuharibika.

Basi mtu akishaamua kuachana na mtumishi wa aina hii, amuage kwa adabu. Wasio na adabu huja na bisibisi, wembe na chupa ya thina. Thina haijui kuchagua: inakula gundi, kisha inakula kliya, ile rangi ya juu inayong’aa, na asubuhi una doa kubwa kuliko stika uliyoichukia. Adabu ni hii. Osha kwanza sehemu hiyo kwa maji na sabuni, kwa sababu mchanga mdogo ulio chini ya kitambaa ndio unaochora rangi, si kitambaa. Kisha pasha joto. Wenzetu wa nchi za baridi hutafuta draya ya nywele. Sisi tuna jua la saa saba, na draya ni ya kumalizia tu. Gundi ilainike, rangi isiungue: ukishindwa kuweka kiganja hapo, umezidisha.

Kwa nembo ya plastiki, usiitie bisibisi chini. Chukua mshipi wa kuvulia samaki, au uzi wa kusafishia meno, uupitishe nyuma ya nembo na uuvute huku na huku polepole, gundi iachie. Kabla ya hapo chungulia ndani ya mlango wa buti, kwani nembo nyingine zimeshikwa na pini zilizopita kwenye bati. Hizo ukizing’oa utabaki na matundu yatakayokaribisha maji na kutu. Kwa stika ya karatasi, inua kona kwa kucha au kwa kadi ya plastiki, uivute kwa kuilaza nyuma juu ya mgongo wake, usiivute kuja kwako. Kama iko upande wa ndani wa kioo cha nyuma, wembe usikaribie kabisa: zile nyuzi nyembamba za kuondoa ukungu zikikatika, msimu wa masika utakukumbusha. Gundi iliyobaki ilainishe kwa mafuta ya taa kidogo au spiriti kwenye kitambaa laini, mbali na moto, kisha osha tena kwa sabuni.

Na kama gari limewahi kupigwa puti na kupakwa rangi upya, enenda taratibu mara mbili. Rangi ya pili mara nyingi haikushika kama ya kiwandani, na nembo inaweza kuondoka nayo. Hata hapo isilaumiwe: imekufunulia ajali ambayo dalali alikula kiapo kwamba haikutokea.

Ukimaliza utaona zawadi yake ya mwisho. Palipokuwa na nembo pana umbo lake lile lile, rangi imekoza kuliko pembeni, kwa sababu jua la miaka kumi halikupagusa. Watu huita doa. Ukweli ni kwamba hapo tu ndipo rangi ya gari lako imebaki kama ilivyokuwa siku linatoka kiwandani. Lililofifia ni gari lote lililobaki. Kompaundi na polishi, vikisuguliwa kwa subira, vitapunguza tofauti hiyo, ingawa kwenye rangi nyekundu iliyochakaa kivuli kinaweza kukaa nawe hadi siku ya kuuza.

Kwa hiyo nawaombea wabanduaji wote mambo mawili: kabla ya kuibandua muisome na kuipiga picha, na mkishaibandua msijione mmeshinda. Nimewaona. Jumamosi wanatoa stika ya duka la Nagoya kwa uzi na draya, kwa uangalifu wa daktari wa macho. Jumapili wanabandika ya Simba au ya Yanga, chini yake ya shule ya mtoto, na juu yake “Mungu Kwanza” ya rangi ya dhahabu kioo kizima. Atakayelinunua gari hilo kesho ndiye atakayetafuta mshipi, huku akijiuliza, kwa maneno makali, ni nani alimtuma mtu huyu kubandika.