Sifa za Risiti

Katika shirika lisilo la kiserikali, dira hubandikwa ukutani na dhamira huchapwa kwenye fulana, lakini kinachoogopwa ni risiti. Mkurugenzi akichelewa kikao, kikao kinaanza bila yeye. Risiti ikichelewa, mshahara wa mtu unakatwa. Nimeona watu wenye shahada mbili wakipekua mifuko ya suruali iliyokwisha kufuliwa, roho mkononi, wakitafuta kipande cha karatasi cha mafuta ya gari. Kilipopatikana, kimelowa na kujikunja, ofisi nzima ilishangilia kama goli la dakika ya tisini.

Wenzangu wanaijua risiti kwa kuilaani tu. Leo naisifu.

Risiti ndiyo inayoamua mradi ufanyike wapi. Andiko la mradi linaweza kusema fedha ni za akina mama wanaolima alizeti Kongwa, na mfadhili akakubali kwa moyo mweupe. Lakini kule kijijini chai na maandazi vinauzwa na mama lishe mwenye sufuria tatu na benchi moja. Hana mashine ya EFD ya kutolea risiti, na sheria ya kodi haimlazimishi awe nayo kwa sababu mauzo yake hayafikii kiwango. Hoteli ya Morogoro mjini inayo. Inayo pia profoma, ankara, namba ya mlipakodi na muhuri wa mviringo. Basi warsha ya kuinua kipato cha mwanamke wa kijijini inafanyikia Morogoro. Mwanamke mwenyewe anapandishwa basi, analazwa gesti, anapewa soda na sambusa mbili, anasaini fomu ya mahudhurio asubuhi na jioni, anapigwa picha mbele ya bango lenye nembo ya mfadhili, kisha anarudishwa kwao. Sambusa zile zimetolewa risiti. Jirani yake mwenye sufuria tatu, ambaye angeweza kuwalisha wote kwa wiki nzima na kubaki na faida ya kununulia bati, hakuuza hata kikombe.

Tuishukuru risiti kwa hilo. Bila yake fedha za maskini zingeweza kuangukia mikononi mwa maskini, tena hovyohovyo, bila muhuri.

Imetufundisha na unyenyekevu. Afisa mradi anayekwenda vijijini hubeba kitabu cha risiti alichonunua mwenyewe dukani, ili kila anayemlipa amwandikie. Dereva wa bodaboda anaombwa ajaze jina kamili, namba ya simu, kiasi, na safari yenyewe, kutoka zahanati hadi kwa mtendaji wa kijiji, kisha asaini. Wapo wanaokataa katakata wakidhani wanaandikishwa kodi. Mmoja aliniuliza, "Kaka, elfu tatu ndiyo unaniandikisha hivi? Mahari nilitoa bila kusaini." Sikuwa na jibu, ila alisaini, na ile saini yake ikasafiri hadi makao makuu, ikapitia kwa mhasibu, kwa meneja wa fedha, na kwa mkaguzi aliyekuja na kompyuta mbili.

Uhai wa risiti pia ni wa ajabu. Tangu mashine za EFD zianze kutumika Tanzania mwaka 2010, Mamlaka ya Mapato haijachoka kutuhimiza kwamba tukinunua tudai risiti. Tunadai. Ila karatasi yake huchapwa kwa joto wala haina wino, kwa hiyo ukiisahau juu ya dashibodi kwenye jua la Dodoma, maandishi yanafifia na unabaki na karatasi nyeupe. Ndiyo maana kila risiti hutolewa kopi, na kopi hugongwa muhuri kuthibitisha kuwa ni kopi. Maji ya kunywa ya elfu mbili yanakuwa na jalada nene kuliko cheti cha ndoa. (Maji yenyewe yalishanywewa zamani.)

Wapo wanaonung'unika kwamba risiti inatutukana, kwamba mtu aliyekubali kulala kijijini miezi minane kwa mwaka hawezi kuiba lita tano za dizeli. Hawa hawajakaa na wezi. Fedha nyingi zimeliwa kwa jina la wanyonge, na huwezi kupinga kwamba wafadhili wana sababu ya kuuliza. Lakini mwizi hapotezi risiti. Jalada lake limepangwa kwa tarehe na kila muhuri umekaa mahali pake. Anayehangaika ni yule aliyemlipia nauli mama mjamzito usiku kwenda hospitali ya wilaya, akasahau kumwomba dereva karatasi. Huyo ataandikiwa "matumizi yasiyokubalika" na atakatwa. Hiyo nayo ni sifa: risiti haina upendeleo, hata kwa wema.

Na ina ajira ya kudumu, kitu ambacho sisi hatuna. Mwishoni mwa Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya afya Tanzania na Kenya ilisimama, nyingine ndani ya siku chache. Watu walipewa barua. Magari yaliegeshwa yakiwa na stika zake milangoni. USAID yenyewe, shirika la misaada la nchi hiyo lililoanzishwa mwaka 1961, ilipofika Julai mosi ilikuwa imekoma kutoa misaada, na kilichobaki kikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Risiti haikupewa barua. Kanuni za misaada ya Marekani zinataka nyaraka za fedha zitunzwe miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho, kwa hiyo ukiona ofisi imefungwa kwa kufuli na nyasi zimeota getini, usidhani humo ndani hakuna kilichobaki kazini. Majalada yamo. Wahudumu wa afya waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba walikuwa na mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na wengi wao haikuongezwa.