Farasi wa Shemeji

Shemeji yangu wa Dar haji mikono mitupu, na zawadi zake zote ni za kututoa ushamba. Kiangazi kilichopita alileta eya klina, yaani chujio la hewa ya injini. Nyekundu, umbo la pia, ndani ya boksi lenye picha ya gari linalotema moto. Jina la kiwanda halikuwepo. "Shemeji, hii inaongeza farasi," akasema. Chai haijapoa, boneti ya Probox yangu iko juu, na lile boksi la plastiki la chujio la Toyota limeshatupwa karibu na banda la kuku.

Sasa farasi hao wangekimbilia wapi hapa Bugomora? Wilaya yetu, Kyerwa, ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ofisi zikagawanywa, mipaka ikachorwa, vumbi likabaki mali ya wote. Kuanzia Juni hadi Agosti, ukiwa nyuma ya Fuso la ndizi huoni Fuso, unaona wingu jekundu linalopiga honi.

Kifaa chenyewe si utapeli. Kilo moja ya petroli huungua vizuri ikipata karibu kilo 15 za hewa, na chujio kama hili, la pamba iliyopakwa mafuta, huipitisha hewa hiyo kwa wepesi. K&N walioanzia California wamekuwa kwenye biashara hiyo tangu 1969. Ila wepesi huo unauonja ukikanyaga mafuta hadi mwisho, na huku kwetu ukikanyaga hadi mwisho umekanyaga mbuzi wa mtu. Ukikosea chujio, vumbi linaingia kusugua silinda na ringi, kisha injini inaanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu.

Faida tuliyoipata ni mlio. Probox ya cc 1496 ikaunguruma kama simba mwenye mafua, na wanafunzi wangu wakawa wanaingia darasani mimi bado niko kona ya mwisho.

Chujio la pamba halitupwi: linaoshwa kwa sabuni yake, linakaushwa kivulini, linapakwa mafuta yake, kidogo. Shemeji aliporudi akaliosha kwa sabuni ya unga, akalianika juani katikati ya mashati yangu, kisha akalimiminia oili ya injini kwa moyo mkunjufu. Ziada ikafyonzwa hadi kwenye sensa ya hewa. Taa ya injini ikawaka, gari likawa linakohoa kila mlima. Na kwetu, kama si mlima ni mteremko.

Ikafika Novemba, senene wakashuka. Eya klina ile ilikaa wazi nyuma ya grili, imelowa oili, taa zinawaka pembeni yake. Nilitoka Nkwenda usiku, na asubuhi nilipofungua boneti sikuona wekundu wowote. Senene watupu, miguu juu. Bibi jirani akaja na bakuli, maana mtu hali senene peke yake. Akachukua mmoja, akamnusa, akamrudisha alipomtoa.

"Mwalimu, hawa wako wamekunywa petroli."

Nikalifuata boksi la Toyota. Kuku alikuwa ametagia humo, na mke wangu akaamuru tusubiri vifaranga. Walipotoka nililiosha, nikaweka chujio la karatasi, nikahakikisha klipu zote zimebana, maana boksi likiacha upenyo hata chujio bora ni pambo. Kiangazi nalitoa chujio mara kwa mara na kuligonga taratibu kwenye tairi.

Fundi wetu kugonga hakutaki. Alishaninyang'anya chujio, akaelekeza upepo wa kompresa upande wa nje, mdomo wa bomba umegusa karatasi kabisa.

"Puliza toka ndani," nikamwambia, "na usogee mbali. Hivyo unalizamisha vumbi, na karatasi itatoboka."

"Mwalimu, wewe si ufundishe tu hesabu zako?"

"Nafundisha jiografia."

Akazima kompresa. "Aa, basi vumbi ni somo lako."

Akaligeuza.