Jinsi ya Kupewa Chumba Bura: Mwongozo kwa Asiyejua Kuogelea

Kwanza hakikisha unakwenda Bura ipi. Magharibi mwa Mto Tana kuna Bura ya kaunti ya Tana River, yenye mifereji na mashamba ya skimu. Mashariki kuna Bura ya Garissa, eneobunge la Fafi, mji wa wafugaji, na huko ndiko tuendako. Ukishuka upande usio wako, utavuka kwa mtumbwi au utarudi hadi daraja la Garissa. Mto ukiwa umejaa, chagua daraja.

Sasa tulitazame wazo lako. Umesikia kwamba huko California, mwaka 2020, serikali ya jimbo ilizipa kaunti na miji fedha za kununua moteli zilizokosa wageni kwa sababu ya korona, ili watu waliokuwa wakilala barabarani wahamie humo. Mpango uliitwa Homekey. Awamu ya kwanza iligharimu kama dola milioni 846 na kuleta makao yapatayo 6,000. Ukawaza: Bura kuna loji, na kila bwawa la Masinga likifurika kuna watu wasio na paa. Kaunti si ilipie loji, watu waingie, mto ukitulia watoke? Ni wazo zuri. Usilitaje barazani kabla hujamaliza kusoma hapa.

Anza kwa kwenda kuiona loji yenyewe. Loji ya kawaida ya miji hii ni safu mbili za vyumba zinazotazamana, ua wa saruji katikati, tangi la plastiki limeinuliwa juu ya vyuma, na birika za udhu zimepangwa karibu na choo. Chumbani mna kitanda kimoja, neti iliyofungwa fundo, na ndara mbili zisizofanana. Mwenyewe ni mtu wa heshima. Atakupa chai ya maziwa, iliyokolea tangawizi na sukari, kabla ya kukuambia kwamba vyumba vimejaa. Nawe mgeni utashangaa. Mji hauna mkutano, hauna harusi, mvua haijakatika. Hao wageni ni wa nini?

Wamekuja kufanya tathmini. Mafuriko hayaji peke yake, huja na wahesabuji. Kuna wa wizara, kuna wa kaunti, kuna wa mashirika, na kila mmoja ana dereva wake. Mchana wanazunguka na madaftari wakiuliza nani amepoteza nyumba, mbuzi wangapi wamesombwa, migomba mingapi imelala. Jioni wanarudi loji kuandika. Kila usiku una posho yake, kwa viwango vilivyopangwa na Tume ya Mishahara. Basi usimwamini atakayekuambia kwamba serikali haina fungu la kulaza watu kwenye loji za Bura wakati wa mafuriko. Fungu lipo, lina fomu, lina mihuri, na hulipwa. Kinachobishaniwa ni nani alale. Anayehesabiwa yuko darasani katika shule ya msingi, au chini ya turubai kando ya barabara. Anayemhesabu yuko chumba namba nne.

Ukijaribu kuwabadilisha nafasi, utaulizwa maafa haya ni ya nani. Hapa vaa miwani ufungue Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sehemu ya kwanza, orodha ya kazi za serikali ya kitaifa, nambari 24: usimamizi wa maafa. Umeridhika? Geuza ukurasa. Sehemu ya pili, orodha ya kazi za kaunti, nambari 12: huduma za zimamoto na usimamizi wa maafa. Mtu mwovu angesema watunzi walisahau. Mimi naona walikuwa wakarimu: walitaka kila afisa, popote alipo, awe na mahali pa kukuelekeza. Ukiwa Garissa utaambiwa jambo hili ni la Nairobi. Ukifika Nairobi utaulizwa kama umepitia kwa gavana. Kisha ipo sheria ya wakimbizi wa ndani ya 2012, inayozibana serikali zote mbili, na kifungu cha 43 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Vitaje kwa sauti ya upole. Afisa akisomewa sheria na mtu mwenye matope miguuni hukumbuka ghafla kwamba ana mkutano.

Tuseme umebahatika, kaunti imekubali kwamba maafa ni yake. Sasa ni pesa, na hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo wengi huzama.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na Hazina ya Dharura. Malipo yake yana kikomo cha asilimia mbili ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, na waziri wa fedha wa kaunti akishalipa ana miezi miwili ya kuliomba bunge la kaunti liidhinishe. Hadi hapo mambo ni mepesi kuliko ulivyodhani. Ila lipo sharti: hitaji liwe la haraka na lisilotarajiwa. Basi nenda kalieleze sharti hilo mtoni. Tana hupita mabwawa matano, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kabla ya kutufikia huku chini. Masinga, la juu kabisa, lilikamilika 1981. Likijaa, KenGen, kampuni ya umeme inayoyaendesha mabwawa hayo, hutoa tangazo, redio hulisoma, chifu hulirudia, na imamu hulikumbusha baada ya swala. Kisha maji huchukua siku kadhaa njiani. Pengine hakuna mgeni katika Kenya nzima anayetangazwa vizuri namna hii kabla ya kubisha hodi. Nawe unatakiwa uandike barua kusema hukumtarajia.

Iandike. Andika kwamba mvua zilizidi makadirio. Usiutaje mwaka jana.

Jihadhari pia na kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi na kwisha Juni 30, na masika hufika kilele Aprili na Mei, majira ambayo fedha za kaunti ama zimekwisha ama zimefungiwa mahali fulani kati ya Hazina Kuu, mfumo wa malipo wa IFMIS na meza ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye bila idhini yake hakuna shilingi inayotoka. Ukikosa Aprili, subiri vuli ya Oktoba hadi Disemba. Bajeti bado ni mbichi wakati huo, na utaambiwa ni mapema mno kuanza kuichokoa. Ushauri wangu ni kwamba ukiweza, furikiwa mwezi Septemba.

Mkutano wa ushirikishi wa umma nitaupita haraka, kwa sababu nao utapita haraka. Kutakuwa na viti vya plastiki, maji ya chupa na orodha ya kusaini. Mtu wa nyuma atauliza kwa nini fedha hizo zisichimbe kisima, na atapigiwa makofi. Atakuwa na hoja.

Baada ya hapo utaandikishwa, na utatakiwa uwe na kitambulisho. Chako kilikuwa ndani ya sanduku, nalo sanduku sasa labda liko Garsen likielekea bahari. Hapo yaangalie maisha yako kwa jicho la historia. Kwa miongo mingi Msomali wa kaskazini mashariki alipoomba kitambulisho aliitwa kwanza mbele ya kamati ya kumchuja, athibitishe kwamba ni Mkenya. Uchujaji huo Rais William Ruto aliufuta Februari 2025. Kabla ya hapo walikuwepo pia wananchi ambao wakati wa njaa walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula, kisha alama zao za vidole zikakataa kuwasahau, wakabaki kwenye daftari la wageni katika nchi yao wenyewe. Kwa hiyo ukiulizwa, "Mama, umehamishwa kutoka wapi?" usijibu kwa pupa. Jibu lililokupa unga mwaka mmoja laweza kukunyima uraia mwaka mwingine.

Halafu kuna hesabu ya kaya. Fomu ina nafasi ya baba, mama na watoto. Wewe umekuja na mama mkwe, watoto saba, wawili kati yao wa marehemu dada yako, na mbuzi wanne waliookoka. Loji ina kitanda kimoja. Wamarekani nao walipigana na jambo hilihili, maana chumba cha moteli kilijengwa kwa mpita njia mwenye begi. Ila wao hawakuwa na mbuzi. Mbuzi usiwaache nje usiku. Wala usiwaingize ndani kabla afisa hajaondoka.

Huenda ukasema serikali haijawahi kugeuza hoteli kuwa makao ya lazima, kwa hiyo haina uzoefu. Umesahau 2020. Machi mwaka huo waliotua Nairobi walipelekwa karantini, wengine katika hoteli, wengine katika mabweni ya vyuo, na wengi walipotaka kutoka wakapewa bili. Mei ndipo ilipotangazwa kwamba waliowekwa kwenye vituo vya umma hawatalipishwa. Kwa hiyo uzoefu tunao: tulikodi vyumba kwa usiku mmoja bila zabuni ndefu wala mabishano ya Jedwali la Nne. Lakini walalaji walikuwa wametoka kwenye ndege, na ilidhaniwa wana pesa.

Kuna mambo hayachekeshi hata katika mwongozo wa aina hii. Mwishoni mwa Aprili 2024, barabara ya Garissa ikiwa imemezwa na maji pale Madogo, watu walipanda boti ili wavuke. Boti lilipinduka Kona Punda. Msalaba Mwekundu walisema waliookolewa ni 23, wengine walikufa. Hawa walikuwa wasafiri waliotaka kufika upande wa pili. Mjini Garissa wakati huo mitaa ya kando ya mto, Ziwani na Bakuyu na Bulla Punda, ilikuwa imehamia kwenye mahema. Nairobi, Rais alikwenda Mathare mwezi uliofuata na kuahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Kwa pesa hizo, piga hesabu mwenyewe unaweza kulala loji siku ngapi.

Sasa tufike kwenye siri ya mji, ambayo mgeni haambiwi. Katika barua yako usiombe nyumba ya kudumu. Ya kudumu ina mchoro, ina mkandarasi, ina jiwe la msingi, kisha inabaki jiwe la msingi. Omba kitu cha muda. Huku kwetu hakuna kinachodumu kama kilichoitwa cha muda. Tazama ng'ambo, Bura ya skimu. Miaka ya sabini Benki ya Dunia na wafadhili wengine walikubali kugharamia mashamba ya hekta 6,700 na makazi ya familia zaidi ya 5,000. Zikaishia kuwa kama hekta 2,500 na familia elfu mbili hivi, kwa gharama iliyowaaibisha hata waliozoea gharama. Maji yalitakiwa yaje yenyewe kwa mteremko. Fedha zilipopungua, zikafungwa pampu za dizeli pale Nanigi, za muda tu. Pampu hizo za muda zikazeeka kazini. Watoto waliozaliwa zikivuta maji wakawa wazazi zikiwa bado zinavuta, siku zilipokuwa na mafuta.

Au tazama ndani ya Fafi yenyewe. Kambi ya Hagadera ilifunguliwa 1992 kuwasitiri waliokimbia vita Somalia hadi mambo yatulie. Kambi za Dadaab zilipangwa kwa watu 90,000. Kuna wakati zilikaribia nusu milioni. Serikali imetangaza zaidi ya mara moja kwamba itazifunga, na Machi 2025 ikazindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kuwa miji. Huo nao ni ungamo la aina yake, na mimi naona limechelewa lakini ni la haki: aliyelala mahali miaka zaidi ya 30 si mpita njia. Ukipewa chumba cha loji "kwa siku 90", basi, mtafutie mtoto shule ya karibu.

Kabla hujatia saini, mama mkwe ataomba kusema neno. Msikilize. Yeye ndiye mtu pekee katika mkutano mzima aliyewahi kujenga makao ya muda yakamalizika kwa wakati. Aqal, nyumba ya miti iliyopindwa na mikeka, ambayo wanawake huisimamisha na kuivunja wenyewe, hufungwa juu ya ngamia ikahama kabla maji hayajafika. Haina Hazina ya Dharura na haihitaji kutotarajiwa. Tatizo ni ngamia. Ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, uliokwisha 2023, uliwamaliza wengi. Ndiyo maana watu walishuka kukaa karibu na mto kulima tikiti na ndizi. Ndiyo maana mto ulipokuja, miezi michache baadaye, uliwakuta. Atakuambia hilo kwa maneno machache kuliko ripoti yoyote inayoandikwa chumba namba nne.

Imebaki kuzungumza na mwenye loji. Mwamkie vizuri, muulizie watoto na mifugo, mpe barua yenye muhuri wa kaunti. Ataisoma mara mbili. Anajua kwamba kaunti zote 47 kwa pamoja zinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 150 na waliouza kalamu, waliojenga zahanati na waliopika chakula cha semina, na yeye mwenyewe huenda ana risiti kadhaa kwenye droo zinazongoja tangu gavana wa zamani. Atakunja barua, atakurudishia, atakumiminia chai nyingine, kisha atauliza:

"Sasa, abti, hii ni pesa mkononi, ama ni kaunti?"