Black Mamba ya Sebuleni

Hongera, jirani yangu wa Kaloleni, kwa kuiokoa ile baiskeli ya Black Mamba iliyouzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Umeisugua kutu kwa msasa, umebadilisha spoku, mnyororo na pedali, ukaipaka rangi nyeusi tii. Gharama imeipita bei ya mpya, lakini hiyo ni siri yako na fundi. Enzi zake ilikuwa boda boda mjini Kisumu, ikibeba mama, mtoto na gunia la omena, mpaka serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008. Walioikanyaga kwa jasho waliikimbia bila kwaheri. Wewe umeiegemeza kando ya runinga, na watoto hawaruhusiwi kuigusa. Juzi ulipokwenda Kondele kuitafutia kengele, si ulikodi pikipiki?