Kipindi cha Michezo, Toeni Madaftari ya Hesabu

Jamani, mwenye masikio na asikie, maana nimechoka kusonya peke yangu. Nenda nyumbani sasa hivi, chukua ratiba ya mwanao wa kidato cha pili, ile iliyobandikwa nyuma ya mlango. Tafuta Alhamisi, vipindi vya mwisho mwisho. Umeona? MICHEZO. Herufi kubwa, tena mwenyewe kaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Sasa muulize: Alhamisi iliyopita mlicheza nini? "Hatukucheza, mwalimu wa hesabu alikuja kufidia kipindi." Ya kabla yake? "Tulifyeka nyasi, kulikuwa na mgeni anakuja." Na ya nyuma zaidi? "Tuliambiwa tujisomee kimya." Khaa! Kipindi kimoja kwa wiki, na hicho kimoja kinafanya kazi zote za shule isipokuwa ya kwake.

Na usijifanye unashangaa, umepita humo humo. Nani asiyemkumbuka yule mwalimu wa hesabu, kazi yake kuvizia kipindi cha michezo? Watoto wameshavua mashati, wameshavaa bukta, wawili wameshaanza kugombania nani awe golikipa, mara anatokea mlangoni na chaki. "Kaeni chini, tumalizie mada." Lahaula! Mbona hajawahi kutokea mwalimu wa michezo akaingia kwenye kipindi cha hesabu akasema fungeni madaftari, twendeni uwanjani, tuko nyuma kwenye kuruka chini?

Juzi hapa kijiweni akapita mtoto wa jirani anachechemea, magoti yamejaa vumbi. Kijana wetu mmoja wa bodaboda, mpenda mpira hadi anaota, akafurahi: "Leo mmecheza, eh?" Mtoto akamtazama kwa huruma. "Shikamoo kaka. Nilichelewa namba, nikarushwa kichurachura." Benchi zima likaangua kicheko, kisha watu wakaanza kutajana. Huyu alirushwa kichurachura kutoka mlingotini hadi jikoni. Yule alizungushwa uwanja kwa kukutwa na muwa. Mwingine alipigishwa pushapu kwa sababu aliongea Kiswahili katika shule ambayo hata mlinzi wake anatukana kwa Kiswahili.

Hapo ndipo niliposikitika, wallahi. Mazoezi yote ya viungo tunayoyajua tuliyasomea kwenye kesi. Umechelewa, ruka. Umesahau daftari, lala chini, pushapu. Umecheka paredi, kimbia. Miaka kumi na zaidi mtoto anafundishwa kwamba kutoka jasho ni malipo ya kosa, na asiye na kosa hukaa kivulini. Halafu mtu huyo anafika miaka arobaini na tano, presha imepanda, kitambi kinatangulia kuingia mlangoni, daktari anamwambia, "Mzee wangu, itabidi ufanye mazoezi." Jamaa anamkodolea daktari macho anajiuliza: nimekosa nini tena?

Tunaye hapa mwalimu mstaafu, mzee wa heshima zake, ukigusa habari hii tu anaweka kikombe chini. Kwake yeye shule ilikufa siku mchakamchaka ulipokufa. Alfajiri, miguu peku, shule nzima inakimbia kwa nyimbo za kumsimanga nduli Amini, mpaka kijiji chote kinaamka bila jogoo. Hapo mzee sauti inapanda, mkono unapiga paja. Kisha anataka kuinuka atuonyeshe mwendo wenyewe, na watu wawili inabidi wamshike kiuno. Shikamoo mwalimu, tumekuelewa, kaa tu.

Wala tusiisingizie serikali kwamba haikuandika. Kuandika tunajua, na kwa mwandiko mzuri! Shule za msingi ziliwahi kuwa na somo likiitwa Haiba na Michezo. Jina tamu hilo, ungedhani watoto watatoka humo wanatembea kwa madaha na kombe mkononi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umekuja na Sanaa na Michezo. Sekondari nako Elimu ya Viungo ipo, na Baraza la Mitihani linaitungia mtihani wa kidato cha nne, ingawa shule zinazoifundisha mpaka mtihani ni za kutafuta kwa tochi. Kwa zilizobaki, michezo ni kale kakipindi ka kwenye ratiba, na kwa kuwa hakana mtihani hakana mwenyewe. Mkuu wa shule haulizwi. Mwalimu haulizwi. Mzazi ndiyo kabisa, yeye anauliza mtoto kashika namba ngapi.

Na huyo mwalimu wa michezo anapatikanaje? Usiniambie Butimba, usiniambie Malya kule Kwimba. Vyuo hivyo vipo na kazi yao inajulikana, lakini waliosomea huko hawatoshi hata kugusa kila tarafa. Kwingine uteuzi unafanyika kwenye kikao cha walimu, na sifa inayotazamwa ni moja: nani ameajiriwa juzi. "Wewe bado kijana, damu inachemka, utatusaidia michezo." Kijana mwenyewe kasomea Historia. Anakabidhiwa filimbi isiyolia na ufunguo wa kabati. Ndani ya kabati mna mpira mmoja. Mmoja! Watoto mia nane, mpira mmoja, na huo mmoja hautoki ovyo kwa sababu ukipasuka hakuna wa kuununua mwingine. Basi umewekwa humo, unazeeka salama. Watoto wanachezea makaratasi waliyoyafunga kwa nailoni na kamba, chandimu hiyo, na wanapiga chenga ambazo mpira wa kabatini hautaziona mpaka ustaafu.

Uwanja nao tuuguse au tuuache? Tuuguse. Pita shule yoyote iliyo kando ya barabara kubwa mjini, utazame ukuta. Fremu! Duka la simu, duka la dawa, saluni, wakala wa kutuma pesa. Kodi inaingia shuleni, sawa, madawati yananunuliwa, nani atapinga dawati? Ila pale kwenye wakala ndipo palipokuwa na goli la kaskazini. Zile shule za kulipia nazo, za mabasi ya njano, zimemwaga pevingi uani kote, panang'aa, mtoto akianguka anaacha ngozi. Kukimbia marufuku. Kuna rede wapi hapo, kuna kombolela wapi, kuna hata kamba ya kuruka? Mtoto anachukuliwa na basi saa kumi na moja alfajiri, anarudishwa magharibi, Jumamosi ana tuisheni, na Jumapili anafua soksi.

Lakini subirini msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, uwadie, muone miujiza. Shule iliyolala mwaka mzima inaamka na kikosi kamili. Kambi inapigwa, maharage yanaongezwa, jezi zinaazimwa. Hapo ndipo anapozuka mwanafunzi ambaye hakuna anayemfahamu darasani, ana ndevu zilizonyolewa asubuhi ile ile, simu inamwita "baba Samiri, sukari imeisha." Mamluki! Nchi nzima inalijua hilo neno, maofisa wanalikemea kila mwaka, na kila mwaka kuna timu inakatiwa rufaa kwa sababu mshambuliaji wa kidato cha pili ana kitambulisho cha mpigakura. Sisi tukipenda ushindi tunaupenda bila kuupikia. Kipindi cha kila wiki hatutaki, kombe tunalitaka.

Tena msisahau, mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliwahi kuamua kwamba michezo inawapotezea watoto muda, mashindano ya UMISSETA na yale ya shule za msingi, UMITASHUMTA, yakasimamishwa. Baadaye yakarudi. Ufaulu wa hesabu tuliouokoa katika kipindi hicho, mwenye nao auonyeshe.

Halafu tukikaa hapa tunataja majina kwa fahari! Filbert Bayi, Christchurch, Februari 1974, mita 1500, rekodi ya dunia, kaongoza mbio toka mwanzo mpaka mwisho mtu hamgusi. Moscow 1980, Bayi fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha katika mita 5000. Basi. Hizo ndizo medali zote za Olimpiki tulizonazo tangu tupandishe bendera, mbili, na zote za mwaka mmoja. Septemba 2025 Alphonce Simbu katupatia dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, na mtaa mzima ukageuka kuwa kocha. Vyaelea, vimeundwa, ila katika kuviunda, sisi mchango wetu ulikuwa kumwambia mtoto aache kukimbiakimbia, atachafua sare.

Sasa afya. Hapo shikeni viti. Somo la afya kwa watoto wetu wengi ni ukaguzi wa paredi: kucha, nywele, kola ya shati. Ukipita hapo wewe una afya. Mengine yametawanywa, kidogo Baiolojia, kidogo Uraia, na yakifika pazito mwalimu anapata kikohozi. Ile mada ya uzazi, ninyi mliisomaje? Nasema mliisomaje! Mwalimu aliingia, akaandika kichwa cha habari ubaoni, akatugeuzia mgongo muda mrefu, akasema, "Hii ni nyepesi, mtajisomea wenyewe nyumbani." Nyumbani na nani? Nyumbani baba akiona tangazo la kondomu kwenye televisheni anatafuta rimoti kwa miguu na mikono. Funika kombe mwanaharamu apite. Kombe tumelifunika miaka nenda rudi, mwanaharamu kagoma kupita, kakaa sebuleni na simu ya mtoto, anamfundisha yote tuliyoyakwepa, tena kwa picha.

Wasichana ndio nawahurumia zaidi. Siku hicho kipindi kikibahatika kuwepo, wavulana watachukua uwanja na mpira, wasichana watakaa chini ya mwembe wanasukana. "Sisi tumbo linauma, mwalimu." Mwalimu hatauliza zaidi, ataitika haraka haraka na kuangalia pembeni. Pa kubadilishia nguo hakuna, maji hakuna, sketi ndefu, na taulo za kike ni pesa. Si mnakumbuka ule mchezo wa kodi? Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo hizo, mwaka 2019 ikarudishwa, kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Mfanyabiashara kagoma kushusha bei, aliyeadhibiwa mtoto wa kidato cha kwanza. Aka! Hiyo nayo ni kichurachura.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kila siku, jamani, si kila Alhamisi. Kwa wiki hizo ni dakika 420. Kipindi chetu ni dakika 40, kama mwalimu wa hesabu hajapita. Na tusidhani ni sisi peke yetu: watafiti wa shirika hilo hilo walichapisha mwaka 2019 hesabu za nchi 146, wakakuta asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 wanaosoma shule hawafikishi kiwango hicho. Wasichana asilimia 85. Hata wenye viwanja vya nyasi za bandia wamekaa kwenye makochi. Lakini wao angalau mpira wao hauko kabatini.

Na sisi wazazi tusijifanye malaika. Mwaka mwalimu mmoja mwenye bidii alipoamua kuwatoa watoto kila Alhamisi bila kukosa, kundi la wazazi la WhatsApp liliwaka moto. Mama mmoja kapiga picha soksi nyeupe zilizokuwa nyekundu kwa vumbi. Baba mmoja akaandika kwa herufi kubwa kwamba yeye analipa ada mtoto asome, kucheza atacheza nyumbani. Nyumbani kwake nakujua: chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Yule mwalimu alichoka, akarudisha mpira alikoukuta.

Baba huyo huyo, nisikilizeni vizuri, Jumamosi yuko kwenye jogging klabu. Raba za bei mbaya, fulana ya rangi moja na wenzake, imeandikwa jina mgongoni, kalipia kiingilio. Si mnajua mwaka 2016 iliagizwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi nchi nzima? Basi yeye kaitika. Anakimbia kilomita tatu, moja na nusu kati ya hizo kwa kutembea, kisha msafara mzima unaishia kwenye supu ya mbuzi, chapati tatu, na chupa ya baridi ya kurudisha maji. Analipia ukubwani kile alichomkataza mwanawe bure. Mweh! Binadamu.

Haya, tusilale hapa. Kikao cha wazazi kikiitishwa nenda, usimtume dada wa kazi. Ukishauliza namba ya mtoto darasani, nyoosha mkono mara ya pili, uliza Alhamisi iliyopita walicheza nini, nani aliwafundisha, na wasichana walikuwa wapi. Wakikujibu kwamba michezo ipo kwenye ratiba, waambie vizuri tu, kwa adabu: ratiba tumeiona, tunaomba ufunguo wa kabati.