Kereng'ende Hana Habari na Siafu

Ukitaka kuwatia ndugu zako wasiwasi, waambie unakwenda milimani kumtazama mdudu. Si kumkamata wala kumla, kumtazama tu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama siku hizi nalala vizuri, kisha akatangaza kwamba tunakwenda wote. Alikuwa amesikia neno "Sigi", na Mjomba ni mstaafu wa reli.

Mdudu mwenyewe lakini si wa hivi hivi. Katika msitu wa Amani na Sigi, Usambara Mashariki, yupo kereng'ende mwembamba ambaye hajulikani kuishi pengine popote duniani. Wanasayansi walimwandika mwaka 1962 wakampa jina la Gillies, mtafiti wa malaria aliyefanya kazi Amani. Heshima hiyo ilimfaa: bwana yule maisha yake yote alihangaika na mbu, na kereng'ende mbu ni kitoweo chake, tangu akiwa mtoto majini anakokula viluwiluwi vyao.

Kutoka Muheza nilipata nusu kiti. Nusu ya pili ilikuwa ya jogoo, ambaye aliipenda kamba ya darubini yangu akaidonoa njia nzima. Mwenye jogoo alinituliza: "Hana neno, kaka, anacheza tu."

Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902. Walipanda miti ya kila pembe ya dunia, wakajenga nyumba za mawe, na reli ndogo ikafika Sigi. Reli haipo tena, ila nyumba ya mkuu wa stesheni ingalipo na imekarabatiwa. Hapo ndipo safari yetu iliponasa. Mjomba aliizunguka ile nyumba, akagonga nguzo, akasimama nje akitazama upande ambao treni ingetokea. Kijana wa kutuongoza alipomwamkia "Shikamoo, babu," aliitikia bila kugeuka: "Marahaba. Mataruma mmeyapeleka wapi?"

Tulimvuta mpaka kijitoni. Kijana akatunong'oneza tusimame kimya na tuangalie majani yaliyoinamia maji: wenzake wembamba wengi wakitua hufunga mbawa mgongoni, huyu huziacha wazi, bapa. Tukasimama. Juu hondohondo walipita kwa kishindo cha mbawa ambacho ungedhani ni helikopta inayotafuta pa kutua. Darubini ikaingia ukungu. Nikaifuta kwa shati, nalo lilikuwa limelowa kuliko kijito.

Wanyama wa Amani wana tabia hii: unayemtaka haji, usiyemtaka ameshakupanda. Siafu hawana papara. Walipita juu ya viatu vya Mjomba, wakaingia kwenye soksi, wakakwea goti bila kumgusa, wakangoja hadi wa mwisho akae mahali pake, ndipo wakang'ata wote kwa pamoja. Mtu wa miaka yake sikujua anaweza kuvua suruali huku anakimbia. Aliingia majini hadi kiunoni akiwataja wazee wetu wote, walio hai na marehemu. Kijana, kwa adabu, akageukia mti.

"Msitikise maji!" akasihi, bado kaupa mti uso.

"Nani anatikisa? Natikiswa!"

Na hapo hapo, kwenye jani lililo mkono mmoja kutoka puani mwa Mjomba, kitu chembamba kikatua. Mbawa wazi, bapa. Mjomba akamkodolea macho. Nikainua darubini: ukungu. Nilipoishusha, jani lilikuwa linacheza peke yake, na nyuma yetu kima alikuwa anapanda mti na chapati zetu, pamoja na mfuko.

"Alikuwaje, Mjomba?"

"Mdogo," akasema, akichomoa kichwa cha siafu pajani. Mwili wa siafu ulishang'oka. Meno hayakuwa na habari.

Kabla ya kuondoka tuliletewa kitabu cha wageni. Mjomba, suruali ikimchuruzika maji, aliuliza ni wapi pa maoni, akaandika kwa herufi kubwa, tarehe na sahihi: TRENI IRUDISHWE.