Madai ya Marehemu Khiva

Kuwasomea watoto wa siku hizi riwaya ya safari za hatari ni kazi nisiyomwombea hata adui. Mimi nataka tusafiri, wao wanataka risiti.

Kitabu chenyewe ni *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Rider Haggard alikitoa Uingereza mwaka 1885, baada ya kuwekeana dau na nduguye kwamba naye anaweza kuandika kitu cha kushindana na *Kisiwa Chenye Hazina* cha Stevenson. Baadaye Frederick Johnson akakitafsiri kwa Kiswahili, na wazee wetu wakakisoma shuleni macho yamewatoka. Hawakuuliza maswali. Au waliuliza, bakora ikawajibu.

Sisi tunayo nakala moja, jalada limeshakwenda na maji, kwa hiyo nawasomea Kidato cha Pili kwa sauti mpaka koo linakauka. Tukafika pale Umbopa anapoomba kuandamana na wazungu nyikani, na mshahara hataki. Darasa zima likaguna.

"Mwalimu, huyo ana lake jambo," akasema kijana wa nyuma, mtoto wa fundi ujenzi. "Kibarua wa bure? Mchunguze."

Basi! Haggard wa watu amejinyima usingizi kuificha siri kwamba Umbopa ndiye Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana, sura baada ya sura, na huyu kaifichua kabla ya kengele ya chai.

Nikajipa moyo: tembo atawanyamazisha. Kapteni Good, mtanashati hata porini, anakimbizwa na tembo aliyejeruhiwa. Suruali inambana, buti linateleza, chini puu! Khiva, kijana wa Kizulu, anamrushia mnyama mkuki ili amwokoe bwana wake. Tembo anamgeukia yeye, anamkanyaga, anamrarua vipande viwili. Nilishusha sauti, nikasubiri machozi.

Ukanyooshwa mkono. "Mwalimu, mama yake Khiva kalipwa shilingi ngapi?"

Kumbe nilipodhani wanachorachora, walikuwa wananakili mkataba. Kabla hajafunga mizigo, Quatermain, kiongozi wa msafara, alidai pauni 500 mkononi, na akifa au akilemaa, mwanawe anayesomea udaktari London alipwe pauni 200 kila mwaka kwa miaka mitano. Yote wameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, ambayo ni yangu na nilikuwa naitafuta. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma. Khiva kazikwa kwenye shimo la mhanga, na mkuki wa kujilindia huko aendako.

"Shimo la mhanga!" Kelele zikamleta mtaaluma mlangoni, uso umemkunjika, anauliza hii ni mada gani. Wakamweleza wao, kwa zamu. Nilitegemea awatulize. Akavuta kiti.

"Na hizo almasi za mashimoni," akaniuliza mimi, "waligawana vipi?"

Sasa wamegoma tusiendelee mpaka madai yawasilishwe. Barua rasmi imo kwenye muhtasari, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Nimekesha nasahihisha barua kwenda kwa Sir Henry Curtis, mgharamiaji wa safari, anwani mbili, YAH: MALIPO YA MIRATHI YA MAREHEMU KHIVA. Nakala kwa Bwana Quatermain, kwa taarifa. Nakala kwa Kapteni Good, aje na suruali kama kielelezo.